Mrudishieni Mwalimu Firimbi Yake

Ndugu zangu wa Tawa, na nyinyi nyote wa vilima vya Mbooni hadi Kitui,

Aliyesoma shule ya kijijini hamsahau mwalimu wake wa michezo. Firimbi shingoni, raba zilizogeuka rangi kwa vumbi jekundu, na sauti iliyomfikia hata mtoto aliyejificha nyuma ya darasa. Ndiye aliyetufundisha kupokezana kijiti, kuruka kamba, na kuanguka bila kuumia. Waliotufundisha kugawanya sehemu tumewasahau majina. Yeye tukikutana naye sokoni bado tunasimama wima bila kuambiwa.

Leo mwalimu huyo amestaafu. Serikali humpumzisha mwalimu akitimiza miaka 60, na tangu siku hiyo hakuna kengele inayomwita. Wako walioshika jembe na kuendelea. Wako walioketi. Ujuzi wao wote, wa kuutazama mwili wa mtu na kujua unahitaji nini, umelala nao. Ombi langu ni moja: tumrudishie firimbi.

Kwanza tunamdai radhi. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimekuwa kwenye ratiba za shule zetu miaka nenda miaka rudi, lakini mara nyingi kiliishia kwenye karatasi. Mtihani ulipokaribia, hisabati ilikiazima na sayansi ikakimega, wala hakuna aliyekirudisha. Mtu aliyenyang'anywa kipindi chake akiwa kazini, tusimnyang'anye tena na uzee wake.

Pili, sisi ndio tunaomhitaji. Katika mwongozo wake wa 2020, Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi waushughulishe mwili kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kila wiki, na angalau siku tatu za wiki wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya kuuzoeza mwili usiyumbe. Watoto wa umri wa shule wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Dakika 150 za mzee si nyingi: ni nusu saa, siku tano.

Kwa anayepanda kutoka mtoni na mtungi, au anayelima kwenye matuta, kazi yake imo katika hesabu hiyo. Ninaowalilia ni susu na umau, bibi na babu zetu, waliolitua jembe: mjukuu huwachotea maji, bodaboda huwapeleka sokoni, na kiti huwangoja mlangoni. Misuli isiyotumika hupungua, na hatari inayomvizia mtu wa umri huo ni kuanguka. Nyonga ikivunjika, aliyekuwa akijipikia huanza kulishwa. Kinga yake haihitaji mashine. Ni kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Ni kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta. Ni kutembea kwa mstari, kisigino mbele ya vidole. Lakini anahitajika mtu wa kuyapanga hayo polepole, mwenye jicho la kuona aliyechoka kabla hajasema. Huyo tunaye, na hatuhitaji kumtafuta Nairobi.

Asitokee wa kusema haya ni mambo ya wageni. Ngoma ya kilumi ilishikwa na akina mama watu wazima, na magoti yao hayakuomba ruhusa ya umri. Matuta tunayolima leo yalichimbwa na vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, mkono kwa mkono. Kujishughulisha pamoja ni mila yetu. Tulichopoteza ni saa ya kukutana.

Na mtazameni mwanariadha Kipchoge Keino. Kabla dunia haijamjua alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika polisi ya Kenya. Alishinda dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, kisha akaacha mbio, lakini hakuuacha uwanja. Yeye na mkewe walilea mayatima Eldoret, wakajenga na shule. Mwaka 2016 kule Rio, akiwa na miaka 76, alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Olympic Laurel, na alipewa kwa sababu ya watoto hao. Medali zilikuwa za ujanani. Heshima hii aliichuma baada ya kustaafu.

Ukambani nasi tuna majina. Cosmas Ndeti alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Benson Masya wa Kitui alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, mwaka 1992. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, kwa muda wa saa 2:03:38. Tujivunie. Ila uwanja haukulimwa kwa ajili ya mabingwa peke yao.

Kwa hiyo nawaomba. Walimu wakuu, fungueni lango la uwanja Jumamosi asubuhi, na kipindi cha michezo kiachwe kwenye ratiba na uwanjani pia. Wachungaji na mapadre, toeni robo saa baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekusanyika. Vyama vya akina mama, kabla ya kuhesabu michango, nyosheni viungo kwanza. Kaunti za Makueni na Kitui, wapeni walimu hawa posho kidogo na mipira michache. Wenye presha, sukari au maumivu ya moyo, piteni hospitali kwanza, kisha mje.

Nawe mwalimu mstaafu, usingoje barua. Waite majirani watano, wapange mstari kama ulivyotupanga sisi.

Wewe unayesoma, unajua nyumba yake iko wapi. Jumamosi hii pita kwake, mwamkue kwa heshima, na umuulize swali moja tu: Mwalimu, tuanze saa ngapi?