Tusiyazike Maneno ya Wazee Wetu

Nyumbani kwetu Nkungu, katika vilima vya Wilaya ya Rusizi ambako wengi wangali wanakuita Cyangugu, mtoto aliyekimbilia kazi ya jirani na kuiacha ya nyumbani aliambiwa na bibi: "Ijya kurisha ihera ku rugo." Maana yake ni kwamba ng'ombe anayekwenda malishoni huanzia uani kwake. Tumeikumbuka methali hiyo kwa kuwa tunaona vijana wengi wakikimbilia lugha za mbali huku wakiyaonea haya maneno ya uani kwao.

Hatusemi hivi kwa kuwanyoshea wengine kidole. Kosa hili tumelitenda sisi wenyewe. Tulipoingia chuo cha maofisa tulikuwa na Kiswahili cha nyumbani, tulichokiokota katika soko la Kamembe na kwa wachuuzi wanaovuka daraja la mto Rusizi kutoka Bukavu. Katika Kiswahili hicho watu ni "batu", vitu ni "bintu", na fedha ni "makuta". Siku tuliposema kwamba hatuna makuta, bweni zima liliangua kicheko, na mkufunzi mmoja akatwambia kwamba hicho si Kiswahili bali ni takataka za mpakani.

Kicheko kile kilitufundisha aibu. Tuliporudi likizo, aibu hiyo tukaihamishia kwenye Kinyarwanda cha bibi, chenye maneno yasiyosikika mjini Kigali. Tukawa tunamsahihisha wakati wa kula, naye akapunguza kuzungumza mbele yetu. Leo bibi hayupo. Misemo yake tunayoikumbuka haifiki kumi, na hata mmoja hatukuuandika wakati yu hai.

Pamoja na hayo, askari ndiye mtu wa mwisho kubeza lugha sanifu. Amri ya gwaride haiwezi kuwa na lahaja kumi; neno likieleweka kwa namna mbili, kikosi hugawanyika mara mbili. Vivyo hivyo, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, pamoja na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, vilitupatia lugha ya vitabu, redio na magazeti ambayo watu wa nchi nyingi huisoma bila mkalimani. Faida hiyo hatuikani.

Lakini kuchagua lahaja moja si kuzihukumu nyingine kifo. Mzee wa Mombasa anayesema "mato" badala ya macho, na "ndia" badala ya njia, hakukosea. Hicho ni Kimvita, ambacho malenga Muyaka bin Haji alikitungia mashairi yake katika karne ya 19, kabla mkutano huo haujafikiriwa. Jeshi nalo lina somo lake. Askari wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, walikuwa na Kiswahili chao cha kambini kilichoitwa Ki-KAR. Kilitosha kwa kutoa amri, lakini hakikutosha kwa kumliwaza mtu aliyefiwa.

Wapo watakaosema kwamba kukusanya maneno ya vijijini ni anasa ya watu wasio na kazi. Na watazame Uingereza. Joseph Wright alizaliwa Yorkshire mwaka 1855 katika ufukara. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka sita, akiongoza mkokoteni wa punda, na alijifunza kusoma alipokaribia miaka 15. Mtu huyo alifika kuwa profesa Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye majuzuu sita, akisaidiwa na watu wengi wa kujitolea waliompelekea maneno ya kwao. Ikiwa Kiingereza, pamoja na nguvu zake zote, kiliona haja ya kuhifadhi maneno ya wachungaji na wafumaji, sisi tunajiona matajiri kwa kitu gani?

Wengine watahofu kwamba kutaja tofauti za maneno kutarudisha ukanda. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa kuwa kabla ya 1994 mkoa wa mtu ulihesabiwa katika kugawa nafasi za shule na kazi. Lakini sumu haikuwa katika neno la mtu. Ilikuwa katika dharau na upendeleo. Anayemcheka mwenzake kwa matamshi ya kilimani kwao huijenga dharau hiyo upya. Anayeuliza, "Kwenu mnasemaje?" huibomoa.

Rusizi ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika kisiwa cha Nkombo watu huzungumza Kihavu. Kinyarwanda chenyewe kimepokea kutoka Kiswahili maneno kama igitabo, ameza na idirishya, wala hakikupungua. Na tangu mwaka 2017, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwalimu wa Kiswahili ana wajibu mpya: afundishe "watu" bila kumfedhehesha mtoto aliyekuja na "batu".

Rai yetu ni nyepesi. Kila mwalimu na amwagize mwanafunzi alete neno moja na msemo mmoja kutoka kwa mzee wa nyumbani kwao, vikiandikwa pamoja na jina la kilima na maana yake. Daftari likijaa, lipelekwe Inteko y'Umuco. Kazi hiyo haingoji bajeti; inahitaji kalamu, na mzee aliye hai.

Wahenga walisema, "Akebo kajya iwa Mugarura," yaani kikapu huenda kwa yule atakayekirudisha. Wazee walitukabidhi kikapu kimejaa. Ni aibu yetu ikiwa tutawapa watoto wetu kikapu kitupu.