Mgahawa wa kahawa: Mzigo mkubwa ni chumba, si buni

Bei ya kahawa aina ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Kimarekani kwa ratili mwezi Februari 2025, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Tangu hapo wengi wanaotaka kufungua migahawa ya kahawa katika miji ya Afrika Mashariki wamekuwa wakiuliza kwanza watapata wapi buni ya bei nafuu, ikiwezekana hata ng'ambo ya mpaka.

Hesabu inaonyesha kwamba swali hilo si la kwanza.

Kilo moja ya kahawa safi hupungua uzito kwa asilimia 15 hadi 20 inapokaangwa. Espreso maradufu hutumia gramu 18 hivi, kwa hiyo kilo hiyo hutoa vikombe 45 hivi. Kwa bei ile ya Februari 2025, sawa na dola 8.80 kwa kilo, buni ya kikombe kimoja iligharimu karibu senti 20 za dola. Bei ikishuka kwa nusu, mwenye mgahawa anaokoa senti 10 tu.

Sasa chukua mfano wa chumba cha mita za mraba 60 kinachokodishwa kwa dola 600 kwa mwezi. Kaunta, stoo, sehemu ya kuoshea vyombo na choo huchukua mita 20. Zilizobaki, kwa mita moja na nusu kila mteja, zinatosha viti 26. Kwa siku 26 za kazi, kodi ya pango ni dola 23 kwa siku. Vikiuzwa vikombe 80, kila kimoja kinabeba senti 29 za kodi. Vikiuzwa 40, kinabeba senti 58, karibu mara tatu ya thamani ya buni yenyewe.

Ndiyo maana muuza kahawa wa Kariakoo mwenye dele na vikombe vyake anaweza kuuza kwa bei ndogo na bado akapata riziki. Yeye halipii kiti cha mteja anayekaa saa mbili kwa kikombe kimoja.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, jambo la kawaida Dar es Salaam na Arusha. Katika mfano huu, dola 3,600 hadi 7,200 zinaondoka kabla ya kikombe cha kwanza. Mashine ya espreso, ambayo kwa kawaida huagizwa nje ya kanda, nayo huongezewa usafiri na kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda, na asilimia 16 Kenya. Aidha, mashine ya vichwa viwili huweza kuhitaji kilowati 3 au zaidi, hivyo nyaya za jengo zikaguliwe kabla ya kusaini mkataba.

Je, mpaka unasaidia? Unasaidia kwa kiasi. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha, na shehena isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Lakini kununua shambani ni suala jingine. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukiwemo ununuzi wa mazao shambani. Njia salama kwa mgeni ni kununua kahawa iliyokaangwa kutoka kwa mkaangaji mwenye leseni.

Java House, iliyoanzia Nairobi mwaka 1999, ilivuka hadi Uganda na Rwanda, lakini kampuni ya aina hiyo ina uwezo wa kuvumilia miezi ya hasara. Mwenye mtaji mdogo hana. Kwake yeye, kibanda cha mita 12 chenye wateja wa kubeba kikombe na kuondoka, karibu na ofisi au kituo cha mabasi, ni mwanzo wenye usalama zaidi kuliko ukumbi wa viti 26 ulio nusu tupu.