Kompyuta ya Michezo: Kabla Hujatuma Pesa Nairobi

MSIMU wa bonasi ya majani chai unapofika, watoto nao huwa na maombi yao. Zamani ilikuwa baiskeli. Siku hizi kijana wa Embu au Meru atakwambia, mzazi mpendwa, kwamba anataka kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo, tena aikusanye kipande kwa kipande. Usimfukuze. Kuiunganisha si kazi ngumu. Ni bisibisi moja na subira. Kinachouma ni kununua kipande kisichooana na mwenzake, kisha kukipandisha matatu tena hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru mjini, ukambembeleze mwenye duka akubadilishie.

Basi nawe mwanafunzi, sikiliza. Usianze na sanduku lenye kioo na taa za rangi. Taa hazifungi mabao. Anza na mchezo wenyewe. Kama unapenda EA Sports FC, jina lililochukua mahali pa FIFA mnamo 2023, soma kwanza mahitaji yanayotolewa na watengenezaji wake, uyaandike kwenye karatasi, ndipo uende dukani.

Wengi hushawishiwa na kompyuta za mitumba zilizotoka maofisini ng'ambo, hasa zile Dell OptiPlex nyembamba. Bei yake huvutia, na kibandiko cha i7 humfanya muuzaji azungumze kwa sauti kubwa. Hebu soma tarakimu zinazofuata kistari. i7-3770 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka wa 2012. i3-12100 ya 2022 inaishinda kwa mbali, ijapokuwa zote mbili zina viini vinne. Isitoshe, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane.

Kisha kuna umbo. Sanduku jembamba hupokea kadi ya picha fupi tu, na aghalabu halina waya wa ziada wa kuilisha umeme. Kadi hiyo itategemea tundu la madabodi pekee, lisilotoa zaidi ya wati 75. GTX 1050 Ti ya 2016 yaweza kutosheka na hizo, lakini inayohitaji zaidi ya hizo utaiona dirishani tu. Usidhani utabadilisha pawasaplai, kwa maana OptiPlex kama 7020 na 9020 zina plagi ya Dell yenyewe, isiyolingana na za kawaida. Ikiwa mtumba ndio unaomudu, chukua sanduku refu lenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na uhakikishe linafunguliwa mbele yako.

Mwenye kidogo zaidi, mimi ningemshauri Ryzen 5 5600G ya 2021. Ina uwezo wa picha ndani yake, hivyo utacheza michezo ya kiasi bila kadi, na kadi utaiongeza bonasi ijayo. (Pesa za HELB tuziache, zina kazi yake.) Kwa kuwa picha hizo hukopa RAM ya kompyuta, nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, viwili hufungua njia mbili za data, na tofauti utaiona kwenye skrini. Bei ya RAM ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, kwa hivyo ulizia maduka kadhaa. Prosesa hiyo hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia DDR4. Ukiuziwa DDR5, haitaingia.

Pahali pasipofaa kubana pesa ni pawasaplai. Ile ya bei ya chini ikiungua inaweza kuondoka na madabodi, na huko mashambani stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Tafuta ya wati 550 ya kampuni inayojulikana. Nembo ya 80 Plus huonyesha tu kwamba haipotezi umeme mwingi. Haiapi kwamba ni salama. Ongeza UPS ndogo, si ya kuchezea gizani bali ya kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

Kabla ya kutuma pesa, muulize muuzaji swali moja zaidi: je, BIOS ya madabodi hiyo imesasishwa? Madabodi za B450 zilitoka 2018, na iliyokaa rafuni bila kusasishwa haitawaka na prosesa ya 2021. Mwambie aiwashe na prosesa yako hapo dukani, akutumie picha ya skrini, na aandike kwenye risiti jina kamili la kila kipande na muda wa waranti. Akikataa, mlango wa pili uko wazi.