Shaba Inahesabiwa, Watu Je?

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, mtu akiuliza Kongo ilitoa shaba kiasi gani mwaka 2023, atajibiwa mara moja: zaidi ya tani milioni 2. Akiuliza Lubumbashi ina wakazi wangapi, tunaanza kubahatisha. Huyu atasema milioni 2, yule atakaribia milioni 3, na hakuna awezaye kumsahihisha mwenzake, kwa sababu sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Mimi naiita aibu.

Tangu mwaka huo mji umegeuka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, iliporomoka miaka ya 1990. Kuanzia 2003 wafanyakazi wake wapatao 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Familia zilizozoea mshahara na poso zikageukia mashamba, machimbo na biashara ndogondogo. Kisha sheria ya madini ya 2002 ikavuta kampuni mpya, na kampuni zikavuta watu. Unga wa bukari unavuka Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake, bei hupanda hapa. Haya tunayaona kwa macho, lakini mama anayeuza makala Katuba hayumo katika hesabu yoyote ya maana. Anayepanga maji, shule na zahanati za Katuba anapanga gizani.

Najua nitajibiwa kwamba sensa ni ghali, na mashariki kuna vita. Lakini nchi hiihii, yenye vita hivyohivyo, iliandikisha wapiga kura kwa chaguzi za 2006, 2011, 2018 na 2023. Mashine zilipatikana, na magari pia. Wengine husema basi tutumie daftari la wapiga kura. Mtoto wa miaka saba hayumo katika daftari hilo, na ndiye anayehitaji dawati.

Enzi za ukoloni, Union Minière iliwahesabu wafanyakazi wake, wake zao na watoto wao. Ilitaka kujua poso ya kugawa, na vijana wa kuwarithi baba zao kazini. Ilihesabu kwa faida yake. Sisi tuliojitawala tangu 1960 tunashindwaje kuhesabiana kwa faida yetu?

Ninadai sensa ifanywe kabla ya uchaguzi ujao. Na hapa chuoni tuanze na lililo mikononi mwetu: tuache kunakili makadirio katika kazi zetu kana kwamba mtu alipita nyumba kwa nyumba. Tuandike wazi kwamba ni makadirio, tutaje mwaka wake, na walimu wetu warudishe kila kazi isiyofanya hivyo. Serikali haitaona haya kwa tarakimu ambayo sisi wenyewe tunaipamba.