Waya wa Tela Utangulie Chuma Chake

Magari madogo yenye kimo cha juu, yale ambayo hushushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika Japani, Toyota RAV4, Suzuki Escudo, Nissan X-Trail na ndugu zao, yamepata wapenzi wengi katika wilaya za Tarime na Serengeti, na sababu yake si fumbo kwa mtu aijuaye nchi ile: huyapita mawe bila kukwaruzwa tumbo, hayanywi mafuta kama Land Cruiser, na mwenye gari la namna hiyo huweza kumpeleka mgonjwa hospitali asubuhi, akarudi jioni na mikungu ya ndizi kutoka milima ya Tarime au magunia ya mahindi kutoka Ngoreme. Lakini gari la abiria watano lina mwisho wa uwezo wake, na aghalabu mwisho huo hupuuzwa, mizigo ikarundikwa juu ya paa hata gari likayumba kila penye kona. Kwa hiyo mtu anapoazimia kununua tela dogo la magurudumu mawili, na kumwendea fundi amfungie chuma cha kulivutia, mimi huihesabu azima yake kuwa tadbiri njema. Neno langu ni juu ya kazi yenyewe ifanywavyo, maana kwetu mwenye gari hugharimia chuma kwa moyo mkunjufu, ilhali waya wa kuwasha taa za tela huufanya jambo la baadaye, la kutazamwa fedha ikisalia, nayo fedha haisalii.

Chuma kina haki yake, nami sitaki kukidhulumu. Suzuki Escudo za zamani, zilizoundwa kabla ya mwaka 2005, zimejengwa juu ya chesisi ya pekee kama lori, na fundi hupata humo mahali pagumu pa kupitisha bolti zake; RAV4 haijapata kuwa na chesisi ya namna hiyo tangu ilipotoka mwaka 1994, bali bodi yake yote ndiyo mifupa yake, na nguvu ya nyuma imo katika miimo miwili ya bati lililokunjwa inayopita chini ya sakafu ya buti. Fundi mwenye maarifa hutoboa katika miimo hiyo, akaweka bamba kwa ndani ili kichwa cha bolti kisirarue bati, akapaka rangi kila tundu lisishikwe na kutu, kisha akakaza. Asiye na maarifa huchomelea engo kwenye bampa, au kwenye bati jembamba la nyuma, na moto wake hulidhoofisha bati lile lile analotaka libebe. Na kama hakufungua nyaya za betri kwanza, huenda akaunguza na kompyuta ya gari.

Uzito nao una mpaka. Huko Marekani, RAV4 ya silinda nne ya miaka ya 2006 hadi 2012 iliruhusiwa na walioiunda kuvuta ratili 1,500, yaani kilo 680 hivi, na tela lenyewe likiwa ndani ya hesabu hiyo. Tukitoa kilo 200 za tela, yanabaki magunia manne ya kilo mia mia na ziada kidogo, tena magunia ya haki, si lumbesa. Mkurya wa Tarime anayelima kwa ng'ombe hamfungi ndama nira, kwani anajua shingo ile haijakomaa. Lakini mtu huyo huyo akipata gari atalipakilia tela magunia kumi na kulielekeza Mugumu kwa njia ya Nyamongo, njia iteremkayo hadi Mto Mara, na mteremkoni tela lisilo na breki zake huacha kuvutwa likaanza kusukuma. Mzigo sharti ulale mbele kidogo ya ekseli, hata sehemu kama ya kumi ya uzito wote ikae juu ya chuma cha gari. Ukirudishwa nyuma, tela hutikisa mkia, na likisha kuanza kutikisa, dereva aliye na haraka hana la kufanya isipokuwa kuomba.

Sasa nije kwenye waya, ambao ndio dhima yenyewe. Tela likisha kupakiwa hulifunika gari kwa nyuma, taa za gari zisionekane na mtu yeyote, seuze na kijana wa bodaboda ajaye nyuma katika vumbi. Kuanzia hapo gari halina tena namna ya kusema kwamba linasimama au linapinda, ila kwa taa za tela. Na tela lisilo na waya ni ukuta unaotembea gizani. Chuma kibovu huweza kumdhuru mwenyewe aliyekifungisha, na hilo angalau ni shauri lake. Waya uliokosekana humdhuru mtu wa nyuma, ambaye hakushirikishwa katika bei wala katika uamuzi.

Na kazi hii si ya shani. Fundi umeme hufungua plastiki ya ndani ya buti, akalifikia shada la nyaya liendalo kwenye taa za nyuma, akashika testa yake huku mwenzake amekaa kwenye usukani akiwasha taa ndogo, kisha indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, kisha akikanyaga breki, hata kila waya ukajulikana kwa kazi yake na si kwa kukisia. Katika soketi ya pini saba itumikayo Ulaya na sehemu nyingi za Afrika, njano ni indiketa ya kushoto na kijani ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi na kahawia ni taa ndogo za kushoto na kulia, buluu ni ya taa ya ukungu, na nyeupe ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi. Hiyo nyeupe ndiyo idharauliwayo kuliko zote. Wapo wanaoiacha kabisa, wakitumaini kwamba umeme utarudi wenyewe kwa kupitia tufe la chuma linalokaliwa na tela, na mnyororo. Nao hurudi kweli siku ya kwanza, hata tufe likisha kupakwa grisi au kushika kutu, umeme ukajitafutia njia nyingine, na mtu akikanyaga breki, indiketa zikamulika ovyo na taa ndogo zikafifia. Ukiona tela la namna hiyo mbele yako, ujue hakuna ethi.

Kuna na hili. Balbu moja ya breki hula wati 21, kwa hiyo balbu mbili za tela huongeza ampea tatu na nusu katika waya na swichi ambazo Mjapani alizipima kwa ajili ya taa za gari peke yake. Fundi aliye mwangalifu hafungi mzigo huo moja kwa moja, bali huweka rilei zinazolishwa na waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, ili shoti ikitokea kwenye tela gari lisibaki bila taa. Maungio huyachomelea kwa risasi na kuyafunika vizuri. Kukwangua waya na kuuzungushia tepu ni kazi ya msimu mmoja wa mvua, kwani maji na vumbi la barabara zetu huingia humo na shaba ikageuka kijani.

Wanaoagiza vifaa vya Kimarekani kwa njia ya mtandao nawapa hadhari fupi. Kule waya mmoja hufanya kazi ya breki na indiketa pamoja, ilhali magari ya Kijapani huzitenga, kwa hiyo kifaa hicho huhitaji kisanduku cha kuzipatanisha. Tena tufe lao la inchi mbili limezidi milimita 50 kwa kiasi kisichofika milimita moja, nalo halikai sawasawa katika kikombe cha tela kilichofanywa kwa milimita 50.

Wako pia, na Mungu awape maisha marefu, wafungao chuma hiki kwa pambo tu, gari lisipate kuvuta hata toroli, na manufaa yake pekee yakawa kuumiza magoko ya watu sokoni.

Nimewahi kuambiwa kwamba maneno haya juu ya waya wa taa ni ya watu wa mjini, kwa kuwa mkulima husafiri mchana na taa hazimhusu. Taa za breki na indiketa hazikufanywa kwa ajili ya usiku. Fauka ya hayo, ni nani aendaye mnadani akajua saa ya kurudi? Ng'ombe hupandishwa bei na kushushwa hata jua likazama, pancha hutokea, na barabara ina malori ya kwenda mgodini Nyamongo na mifugo irudiyo nyumbani wakati ule ule wa magharibi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikulisahau tela, ila macho yetu hulisahau. Gari likija kutoka Japani kwa kawaida huja bila chuma cha kuvutia, kwa hiyo ukaguzi wa kuingiza gari nchini hauwezi kusema lolote juu ya kitu ambacho kitafungwa miaka miwili baadaye chini ya mwembe. Basi askari wa trafiki wanaokagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama wadai kuliona na tela likiwa limefungwa nyuma ya gari, na chuo cha VETA pale Musoma kiwape mafundi wa Tarime na Mugumu mafunzo mafupi ya kazi hii, kwa ada ambayo fundi wa kando ya barabara anaimudu. Nawe mwenye gari, usimlipe fundi wako mpaka umesimama nyuma ya tela lililopakiwa, mtu mwingine akikanyaga breki na kuwasha indiketa zote mbili, ukaziona taa kwa macho yako.