Tairi la Gwassi si tairi la Rongo

Kwenye makutano ya Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapoachana na ile ya Migori, hupita pikapu za kila aina. Kuna D-Max iliyobeba sukari ya Awendo, Hilux ya mzee mwenye shamba la miwa, na Land Cruiser ya mradi fulani wa afya. Nyingi miaka hii zimevaa matairi ya meno makubwa, yale ya A/T (All-Terrain), maandishi meupe yakiwa yamegeuzwa nje ili yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Ukifuatilia safari zake, utakuta sehemu kubwa hutoka Rongo asubuhi, zikafika Oyugis au Kisii, na jioni zikarudi. Ni lami mwanzo hadi mwisho.

Hakuna ubaya mtu kulipamba gari lake. Ubaya huanza pambo linapouzwa kama usalama. Meno makubwa yaliyoachana huigusa lami kidogo kuliko meno yaliyobanana, na mvua ya alasiri inapoilowesha barabara, gari la namna hiyo huhitaji mita nyingi zaidi kusimama. Tairi lenyewe ni zito, kwa hivyo injini hunywa mafuta zaidi. Huunguruma pia, ingawa wapo wanaoupenda mngurumo huo.

Tairi la aina hii halikubuniwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ziwa Victoria. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilianza kuuza All-Terrain yake mwaka 1976, na sifa yake ikajengwa katika mbio za magari za jangwa la Baja, Mexico. Kule adui ni jiwe, mchanga na joto. Mifereji yake ikafanywa mipana kuliko ya tairi la barabara kuu, lakini myembamba kuliko ya tairi la matope, ili gari liweze kurudi nyumbani kwa lami bila kumchosha dereva. Ni suluhu ya katikati, na anayeinunua hana budi kujua inamnyima nini kila upande.

Inachonyima huonekana wazi zaidi katika bonde la Lambwe. Huko ndiko iliko Ruma, hifadhi ya taifa ya kilomita mraba 120 ambayo ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya swala aitwaye korongo. Udongo wake mwingi ni ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Haihitaji mvua ya siku nzima. Nusu saa ya Aprili yatosha. Udongo hunata kwenye meno, hujaza mifereji, na tairi lililonunuliwa kwa pesa nyingi hugeuka gurudumu laini la udongo linaloteleza sawa na lililoisha kabisa. Tairi la matope angalau hujisafisha likizunguka kwa kasi, kwa sababu mifereji yake ina nafasi ya kuutema udongo ule. A/T haina nafasi hiyo. Hapo kinachomtoa mtu ni minyororo, koleo, kupunguza upepo ili tairi lijitandaze (pampu ikiwepo ya kuurudisha), au kungoja jua. Hali ni hiyo hiyo Nyatike ya chini, mto Kuja unapovunja kingo zake kabla ya kuingia ziwani. Muuzaji anayemwambia mkulima wa mpunga wa huko kwamba A/T itampitisha masika yote anamdanganya.

Upana nao hauaminiki kila mahali. Kwenye barabara ya murram yenye tope jepesi juu na ugumu chini, tairi jembamba hupenya tope na kushika kile kigumu, ilhali pana huelea juu na kwenda litakako. Ndiyo maana Land Cruiser za kazi zilikaa miaka mingi na tairi la 7.50R16, jembamba, refu, lisilo na urembo wowote. Probox nayo, gari jepesi lenye vitairi vyembamba, hupita njia za vijijini zinazowaaibisha wenye pikapu zilizoinuliwa. Kwa kweli sehemu kubwa ya siri ya Probox iko kwa dereva wake, lakini vitairi hivyo vinamsaidia.

A/T hupata heshima yake kwingine. Milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, na njia zinazopanda huko zimejaa mawe yenye kingo. Vivyo hivyo maeneo ya Macalder, ambako mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa miaka ya 1960 lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka, na mawe meupe wanayoyavunja huishia njiani. Katika njia kama hizo kinachookoa ni ubavu wa tairi. Msumari ukiingia kwenye uso, fundi wa pancha ataziba na safari itaendelea. Ubavu ukichanika, tairi limekufa. A/T nzuri, hasa yenye herufi LT, huwa na ubavu mnene na meno yasiyomeguka ovyo. Anayepanda Gwassi mara kwa mara na saruji au mabomba ya maji ana kila sababu ya kulipa bei hiyo.

Lakini hata yeye asisome jina kubwa tu. Pembeni ya vipimo vya tairi kuna namba ndogo ambayo wachache huiangalia, na ndiyo inayotangaza uzito. 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850. 110 ni kilo 1,060, na 112 ni kilo 1,120. Tuchukue pikapu ambayo ekseli yake ya nyuma, ikiwa tupu, inabeba kilo 700 hivi. Magunia 20 ya sukari ya kilo 50 ni tani moja, karibu yote ikikaa nyuma. Matairi mawili ya 102 yana uwezo wa kilo 1,700, kwa hivyo yamefika kikomo kabla turnboi hajapanda. Akiongeza magunia 10, na wengi huongeza, kila tairi linabeba kilo 1,100 wakati liliahidi 850. Likipasuka kwenye mteremko, watu watalaumu barabara.

Matairi ya 102 hufikaje kwenye pikapu? Kwa njia rahisi. Saizi ya 225/65R17, ambayo ni ya magari madogo ya familia, huuzwa sana kama mitumba, na hukaa kwenye rimu ya inchi 17 bila taabu. Likiwa na meno yaliyochongoka kidogo, linaonekana la kazi. Kumbe 205R16C, tairi jembamba la biashara ambalo hakuna kijana atakayelipiga picha, kwa kawaida huwa na namba 110.

Umri ni suala jingine. Baada ya herufi DOT, namba nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na libadilishwe likifika miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama meno yapo. Mpira huzeeka kwa jua na joto, navyo haviadimiki kandokando ya ziwa. Lile la mitumba lenye meno mazuri na umri wa miaka tisa huuzwa kwa sababu ya hayo meno.

Zamani mnunuzi alikuwa na kiwanda cha kukilalamikia. Kampuni iliyoanza kama Firestone East Africa mwaka 1969, na baadaye ikaitwa Sameer Africa, ilitengeneza matairi ya Yana jijini Nairobi hadi mwaka 2016, uzalishaji uliposimamishwa kwa kushindwa na bei za bidhaa kutoka nje. Tangu hapo tairi jipya likifika dukani Migori limepitia bandarini, na mengine yana alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ushahidi kwamba yalifaulu jaribio la kushika kwenye theluji. Ni sifa halali, ila mtu wa Mbita haimhusu.

Serikali za kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay, ni wanunuzi wakubwa wa matairi, na zingeweza kuwaonyesha wananchi mfano. Tangazo la zabuni likitaja saizi na neno A/T peke yake, linamwachia mwenye duka uamuzi uliobaki. Litaje namba ya uzito, umri usiozidi mwaka mmoja au miwili, na njia ambayo gari litapita. Pikapu ya afisa wa kilimo anayezunguka Ndhiwa haihitaji tairi sawa na la gari linalopeleka chanjo Magunga, na kulipia yote mawili bei moja ni kuchezea pesa za umma.

Kwa mtu binafsi limebaki jambo moja ambalo husahaulika dukani. Wanaobadilisha kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 ili gari liinuke huongeza kimo cha tairi kwa takriban asilimia 3.4, hivyo kipima kasi kikisema 80, gari linakaribia 83. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni spea kubaki ile ya zamani. Katika pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, tairi moja lenye kimo tofauti hulazimisha gia za katikati kushindana zenyewe, na gari likienda hivyo umbali mrefu, gharama ya gereji itapita ya tairi. Kwa hiyo mnunuzi akitajiwa bei ya matairi manne, aulize ya matano kabla hajatoa simu kulipa.