Goma: «Huku tuko jamaa moja» si mshahara

Ukitoka Signers ukielekea Birere, hesabu mabango yaliyotundikwa njiani: benki, bia, kredi ya simu, shule ya watoto, kanisa lenye maombi ya siku saba, shirika linalokumbusha watu kunawa mikono. Yale makubwa yenye picha za kung'aa huja yakiwa tayari kutoka Kinshasa. Lakini yale ya kitambaa na ya bashi, pamoja na matangazo mengi unayosikia redioni kabla ya habari za mangaribi, yanatengenezwa hapa mjini, katika chumba kimoja au viwili vya nyumba ya kupanga, na watu wanne au watano. Wengi wao wamemaliza chuo kikuu. Na siku bango linapopanda, wengi wao bado wanadai mshahara wa mwezi uliopita.

Nasema hivyo kwa sababu nimetoka huko. Kabla ya kuingia redaksioni, nilifanya karibu miaka miwili katika ajensi ndogo ya mawasiliano hapa Goma. Sitaitaja, maana ninayotaka kusema si ya patroni mmoja.

Katika ajensi ndogo hakuna kazi isiyo yako. Asubuhi unajibu watu kwenye ukurasa wa Facebook wa duka la simiti. Saa sita uko juu ya moto, umebeba flashi mfukoni kwenda kwa mwenye mashine ya kuchapa, kwa sababu umeme umekatika ofisini na yeye ana jenereta. Saa tisa unaandika mradi wa kurasa ishirini kwa ajili ya zabuni. Jioni unashika kamera kwenye sherehe ya kukabidhi diploma. Sitadanganya: nilijifunza mule mambo ambayo hakuna profesa aliyeniambia. Nilijua bei ya mita ya bashi, nilijua kupanga maneno ya tangazo la sekunde thelathini, na nilijua mteja akisema «badilisha kidogo tu» maana yake ni kuanza upya.

Nilijifunza pia thamani ya Kiswahili chetu. Kazi ilitufikia mara nyingi kwa Kifaransa, wakati mwingine na toleo la Lingala pembeni, ikiandamana na ujumbe mfupi: «Tunahitaji Kiswahili leo jioni.» Kuandika kwa Kiswahili kulionekana kama kugonga kitufe. Unachukua maneno ya ofisi ya Kinshasa na unatakiwa kuyafanya yaingie katika sikio la mama anayeuza makala Virunga, kwa saa tatu, bila malipo ya ziada. Ukiweka Kiswahili cha vitabu, mama haelewi nusu. Ukiweka kile tunachosema nyumbani, mkubwa wa mteja anakurudishia akisema si Kiswahili kizuri. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mabishano ya namna hiyo hayakuwa ya mapambo. Neno likikosewa kwenye karatasi ya ugonjwa, mtu anaweza kukataa kwenda hospitali. Aliyechagua neno hilo mara nyingi alikuwa kijana wa ajensi ndogo, asiye na mkataba, na jina lake halikuandikwa popote.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo kuna kidonda.

Chukua kazi ya kawaida: shirika moja linataka tisheti 100, kaliko mbili na tangazo la redio. Ajensi inapeleka faktire. Shirika linajibu kwamba litalipa siku 30 baada ya kupokea kazi. Siku 30 zinakuwa 60, kwa sababu mtu wa fedha yuko likizo, au saini moja inasubiriwa Kinshasa, au Nairobi. Lakini mwenye kuuza tisheti hangoji. Mwenye mashine ya kuchapa hangoji. Redio inataka pesa kabla ya kurusha. Hata mwenye moto hangoji. Katika mnyororo huo wote kuna mtu mmoja tu anayeweza kuambiwa «vumilia»: ni mfanyakazi. Kwa hiyo mshahara wake ndio unaonunua tisheti. Kijana wa dola 120 kwa mwezi, zilizoahidiwa kwa mdomo, anakuwa benki ya shirika lenye bajeti ya mamilioni. Anakopesha bila faida, bila karatasi, na bila kujua kwamba anakopesha.

Na namna ya kumwambia avumilie tunaijua sote. «Mdogo wangu, huku tuko jamaa moja.» Neno tamu. Katika mji huu, ambako vita na volkano vimewafundisha watu kuishi kwa kusaidiana, ni vigumu kumjibu mkubwa anayekuita mdogo wake. Utadai vipi mshahara kwa kaka? Lakini angalia upande ambao ujamaa huo unaelekea. Faida ya mradi mzuri haigawanywi kijamaa. Kinachogawanywa ni hasara.

Najua patroni naye atanijibu, na majibu yake si ya uongo. Analipa kodi ya nyumba kwa dola, baada ya kutoa garanti ya miezi kadhaa. Analipa intaneti inayokatika. Kila huduma ya serikali na ya mji inajua mlango wake. Akipandisha bei, mteja anakwenda kwa kijana mwenye simu na Canva ambaye atafanya kwa dola 20. Akimsumbua mteja mkubwa kuhusu deni, hataitwa tena. Wengi wa mapatroni hao walianza kama sisi, stajieri wa mtu fulani, wakatoka kwa hasira na kufungua ofisi yao, halafu wakarudia yaleyale waliyotendewa. Si wezi. Ila mtu asiyeweza kumdai mwenye nguvu na anayemkata mnyonge anapaswa kuambiwa.

Sheria, kwa upande wake, si kimya. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mkataba wa kazi uandikwe, na kama haukuandikwa, unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo hadi ithibitishwe vinginevyo. Muda wa majaribio nao lazima uandikwe, na hauwezi kupita miezi sita. Saa za kazi ni 45 kwa juma. Mwajiri anatakiwa kumwandikisha mfanyakazi katika CNSS na kutoa asilimia 13, huku asilimia 5 ikitoka kwenye mshahara. Soma hayo, kisha mwulize kijana wa ajensi ambaye yuko katika «staji» mwaka wa pili, anayepewa pesa ya moto tu na anayefanya kazi Jumapili kwa sababu mteja amekumbuka mkutano wake Jumamosi usiku. Wengi hawajui kwamba kutokuwa na karatasi kunawapa haki fulani. Wanadhani kunawanyima zote.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, hali imekuwa nzito zaidi. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na katika miezi hiyohiyo Marekani ikasimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, wakati kazi nyingi za ajensi hizi zilitoka kwa mashirika yaliyoishi kwa misaada. Mshahara ukipatikana unakuja kwa simu, na gharama ya kuutoa iko juu ya mpokeaji. Kuna pia jambo ambalo wenzangu wanalisema kwa sauti ya chini: katika mji wenye mvutano, kuna bango ambalo ukilitengeneza leo linaweza kukuletea shida kesho. Mtu wa infografia haulizwi kama anakubali. Jina la ajensi liko kwenye faktire, lakini watu wa mtaani wanajua ni mkono wa nani uliochora.

Sasa, tuanzie wapi? Sitaanzia kwa patroni, nitaanzia kwa anayelipa. Mashirika, makampuni ya simu na viwanda vya bia vinapotoa zabuni hudai faili nene: namba ya RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara, karatasi ya kodi, mara nyingine hata picha za ofisi. Hayo yote ni kwa ajili ya kumlinda mnunuzi. Ongezeni karatasi moja: orodha ya wafanyakazi walioandikishwa CNSS, na mkataba wa yule atakayeifanya kazi yenyewe. Nanyi kwa upande wenu, toeni nusu ya malipo siku ya kutia saini, siyo siku 60 baada ya tisheti kuchakaa. Wanaoandika ripoti kuhusu kazi yenye heshima kwa vijana wa Kivu ya Kaskazini wangeweza kuanzia na kijana aliyepanga kurasa za ripoti hiyo. Mnayo namba yake ya simu, maana ndiye mliyemwamsha saa nne usiku ili abadilishe rangi ya jalada.